Maneno Yaliyolala Kando ya Hatua ya Kumi na Nne

Kiwanda cha barafu kikizimwa hakinyamazi, kinadondoka. Tone hapa, tone kule, halafu kimya kirefu, halafu matone matatu kwa pamoja kama yamekumbushana.

Sinzia alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba cha mitambo, macho nusu, mkoba mapajani. Mlango wa chumba cha baridi haukufungwa vizuri, na ukungu mweupe ulikuwa unatambaa sakafuni, unapita chini ya kiti, unazunguka viatu vyake kama paka anayetaka kujua mgeni huyu ni wa nani. Mtu yeyote angepita pale angesema mama wa ofisi ya usalama kazini amekuja kulipwa kwa kulala. Wengi walishasema. Jina la Sinzia hakupewa na mama yake. Alipewa na watu aliowahoji, kabla hawajajua kwamba kope zile zikishuka ndipo masikio yanapofunguka.

Mbele yake kulikuwa na bomba nene lenye vali tatu za magurudumu mekundu. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, Jumatano.

Mambo aliyokuwa nayo mkononi yalikuwa machache. Jumatatu asubuhi fundi mmoja, ambaye kiwanda kizima kinamwita Kimya, aliwasha mtambo baada ya usafi wa kila mwezi. Mwongozo wa kiwanda, hatua ya kumi na nne, unasema hivi: fungua vali ya pili, subiri dakika tano, kisha fungua ya tatu. Kimya alianza na ya tatu. Gesi ya kupozea ikakosa njia, ikarudi, ikatokea kwenye maungio, na hapo kwenye maungio alikuwa amesimama mwenzake, Mrefu, na kisanduku chake cha spana. Mrefu sasa yuko hospitali. Daktari amesema atapona, ila wiki hii asiulizwe kitu chochote, hata hali.

Kimya alipoulizwa kwa nini, alijibu sentensi moja: "Tulikubaliana kwenye mwongozo."

Kamati ya usalama ingekaa saa kumi jioni, na ingefanya jambo moja tu, kumnyang'anya cheti. Cheti cha daraja la kwanza, miaka kumi na tisa ya kuunguzwa na baridi. Bila hicho hakuna kiwanda ambacho kingemruhusu Kimya kugusa hata swichi ya feni.

"Dada, umelala?"

"Bado. Nilikuwa njiani."

Aliyeuliza alikuwa mtunza nyaraka, mama mmoja mfupi anayetembea haraka, anayeitwa Mama Faili. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kuonea na nyingine ya kutafutia ile ya kwanza.

"Twende juu basi. Huku chini utaganda, tuanze kukuuza kwa kilo."

*

Ofisi ya Mama Faili ilikuwa na joto la mashine ya kuchapia na ukimya wa mahali ambapo hata vumbi linaomba ruhusa. Alifungua mwongozo kwenye kompyuta, akageuza skrini taratibu, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Kurasa mia moja na sita. Utazunguka viwanda vyote, hutakuta msafi hivi."

"Na hii nafasi nyeupe hapa kulia?"

"Hapo ndipo mazungumzo yanapokaa. Fundi akiwa na swali kuhusu hatua fulani, analibandika palepale kwenye hatua. Wenzake wanajibu palepale. Mhandisi anajibu palepale. Zamani walikuwa wanajadiliana kwenye kundi la simu. Mmoja anauliza geji inasoma ngapi, mwingine anatuma picha ya mtoto kaota jino, wa tatu anauza viatu. Swali la geji limezama hivyo. Nikasema hapana. Maneno ya hatua yakae na hatua yake, mtu akisoma hatua akute na sababu zake."

"Wazo zuri."

"Wazo langu," alisema Mama Faili.

"Sasa hapa kwenye kumi na nne mbona hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Kumi na tatu?"

"Hakuna. Kitabu kizima hakuna. Wakaguzi wakija wanakuta shwari, hakuna ubishi unaoning'inia."

Sinzia aliegemea kiti. Kope zikaanza kushuka.

"Mafundi kumi na wawili, mwaka mzima, na hakuna anayebishana na mwenzake. Mimi nina ndugu wawili tu, na hatujawahi kumaliza chai kwa amani."

Mama Faili alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akaivua.

"Nani anaweza kufuta mazungumzo?" aliuliza Sinzia.

"Mhandisi. Peke yake. Hata mimi siwezi." Alipunguza sauti. "Ila mimi sijasema kitu."

"Hujasema."

"Na ujue ni shemeji yake."

"Shemeji wa nani?"

"Wa Kimya. Mhandisi amemuoa dada yake mkubwa. Tangu Jumatatu wanapishana kwenye ngazi kama hawajuani. Lakini mimi sijasema."

"Kufuta kunaacha alama?"

"Lazima. Kila kinachofutwa kinaandikwa hapa, nani, lini, saa ngapi."

Alifungua ukurasa mwingine. Sinzia alisogea karibu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye skrini. Ukurasa ulikuwa mtupu. Mwaka mzima hakuna mtu aliyefuta hata neno moja.

"Basi," alisema Mama Faili kwa huzuni, "Kimya ametudanganya."

"Labda. Au maneno yameondoka bila kufutwa." Sinzia alisimama, akatafuta mkoba ambao tayari alikuwa ameuvaa begani. "Mhandisi yuko wapi?"

*

Ofisi ya Mhandisi ilikuwa na dirisha kubwa la kioo linaloangalia chini kwenye mitambo. Kutoka juu ukungu ulionekana kama maziwa yaliyomwagwa na mtu asiye na haraka ya kuyafuta. Mhandisi alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, zote zinaandika.

"Karibu, mama. Kaa. Nikuletee maji?"

"Niletee kiti kisichozunguka. Hiki kitanilaza."

Alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama kama mgeni ofisini kwake.

"Najua wanachosema huko chini," alianza, kabla hajaulizwa. "Sijafuta hata nukta. Kompyuta ina kumbukumbu."

"Nimeziona. Hujafuta."

Hilo halikumpa raha kama ambavyo ungetegemea.

"Sasa nisaidie kitu kimoja," alisema Sinzia. "Fundi wa miaka kumi na tisa. Hatua anaijua hata akiwa usingizini. Kwa nini aanze na ya tatu?"

"Mazoea, mama."

"Mazoea yanatoka wapi, na mwongozo unasema ya pili?"

"Mafundi ni watu wa mikono. Mkono ukishazoea njia, unakwenda wenyewe. Mimi niliwaambia kabisa kwamba gasketi imebadilishwa. Mtu akiambiwa na hasikii, nifanyeje?"

Sinzia alifumba macho. Alifumba kwa muda mrefu. Mhandisi aliangalia saa ukutani, akaangalia mlango, akakohoa kwa adabu. Chini, tone likaanguka mahali fulani kwenye bati.

"Gasketi ipi?" aliuliza Sinzia, macho bado yamefungwa.

"Ya vali ya pili, ule mpira unaoziba maungio yake. Ilikuwa imechoka. Tarehe ishirini mwezi uliopita akaja fundi wa nje, siku ya mapumziko, akaweka mpya."

"Na baada ya tarehe ishirini mtambo umewashwa mara ngapi baada ya usafi?"

"Mara moja. Jumatatu."

"Gasketi ikiwa mpya, mtu anaanza na vali ipi?"

"Ya pili, mama. Ndivyo mwongozo unavyosema."

"Na ikiwa imechoka?"

Mhandisi alichomoa kalamu moja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Inategemea."

"Mimi si mhandisi. Chuo nilikiona kwa nje, nikipita. Lakini nafikiri hivi. Kama ni ya pili kwanza kabla ya gasketi, na ni ya pili kwanza baada ya gasketi, basi gasketi haimhusu fundi. Angeweza kustaafu bila kujua. Wewe unasema uliwaambia kabisa. Unamwambia mtu jambo limerudi kama kawaida pale tu ambapo uliwahi kumwambia lisiwe kama kawaida." Alifungua jicho moja. "Uliwaambia kwa mdomo?"

"Niliandika."

"Wapi?"

Simu ya mezani ikalia. Mhandisi aliirukia kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Naam... Bado, kamati ni saa kumi... Najua. Najua ni mdogo wako, mke wangu, kwani nimesema si mdogo wako?... Tutaongea nyumbani."

Alipokata, Sinzia alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuuliza tena. Mtu akishakataa kutaja mahali, unamwacha akae na mahali pake.

*

Kimya alikuwa nje kwenye jukwaa la kupakia, amekaa juu ya kopo kubwa la kugandishia barafu, lililopinduliwa, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Kiatu kimoja kilikuwa na kamba mpya, kingine ya zamani. Jua lilikuwa jeupe, la kivivu, na mwanga wake ulikuwa unaingia kwenye madimbwi na kukaa humo bila kuondoka.

Sinzia alivuta kopo lingine akakaa kando yake.

"Wewe unaitwa Kimya. Mimi wananiita Sinzia. Tukikaa hapa wawili saa nzima, watu watakuja kutufunika shuka."

Pembe ya mdomo wa Kimya ilisogea kidogo.

"Uliandika wapi?" aliuliza Sinzia.

"Kwenye hatua."

"Kumi na nne?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Ukauliza nini?"

"Gasketi ya pili imechoka. Nianze na ya tatu, nipunguze nguvu?"

"Nani akajibu?"

Kimya aliangalia juu, kule kwenye dirisha la kioo.

"Shemeji."

"Akasemaje?"

"Ndiyo. Anza na ya tatu. Ikibadilishwa nitawaambia."

"Akakwambia?"

"Hajaniambia."

"Hukuona kitu kipya? Kila siku unafungua mwongozo kwenye ile tableti ya ukutani."

"Nafungua. Jumatatu nilisoma hatua yote kabla sijagusa vali. Pembeni kulikuwa kweupe."

Gari la kubebea barafu lilikuwa limeegeshwa tupu, na maji yalikuwa yanachirizika kutoka mlangoni mwake taratibu kama linasimulia kitu.

"Turudi nyuma kidogo. Shemeji amejibu, anza na ya tatu. Wewe ukafanya nini?"

"Nikashukuru."

"Uliandika asante?"

Kimya alitikisa kichwa kukataa. Akainua kidole, akachora hewani mstari mfupi wa kushuka na mrefu wa kupanda.

Sinzia alifungua macho yote mawili, jambo ambalo halitokei kila wiki.

"Tiki."

"Tiki."

"Kila mtu hapa anaweka tiki akijibiwa?"

"Kila mtu." Alitafuta maneno, na ilionekana yako mbali. "Mkubwa wako amekujibu, mama. Utamwacha wazi? Ukimwacha wazi ni kama unasema hujaridhika. Kama unamsubiri aongeze. Na huyu ni mume wa dada yangu."

"Ukishaweka tiki, maneno yanakwenda wapi?"

Kimya alifikiri. Ni wazi hakuwahi kujiuliza.

"Sijui. Tulikuwa tumeshaelewana."

"Na tangu Jumatatu hujaenda kuyatafuta?"

"Wamenifungia nisiingie."

Sinzia alisimama, akajipangusa maji ya barafu kwenye sketi.

"Hilo shati usilikunje. Saa kumi haiko mbali."

*

"Tiki maana yake nini?" alisema Sinzia, hata kabla hajakaa.

Mama Faili alikuwa anapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Maana yake nimesikia, asante. Ni adabu ya hapa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Mtu akisoma jibu aweke tiki, aliyejibu ajue hakuongea na ukuta."

"Hiyo ni maana yenu. Na kompyuta inafikiri maana yake nini?"

Mama Faili aliacha karatasi. Akavua miwani.

"Kompyuta inafikiri... yamekwisha."

"Yakikwisha yanakwenda wapi?"

"Yanaondoka pembeni. Yanalala." Alionyesha alama ndogo kwenye kona ya juu ya skrini, kisanduku cha kijivu ambacho mtu angedhani ni doa. "Humo. Sijawahi kukigusa. Kwani nikatafute ubishi wa nini?"

"Kiguse."

Alikigusa.

Kwa muda kidogo hakuna kilichotokea. Halafu ile nafasi nyeupe ya kulia ikaanza kujaa. Yalikuja taratibu, moja baada ya jingine, kama watu wanaotoka vyumbani asubuhi wakiwa bado wanapiga miayo. Mazungumzo mia nne na kumi na mawili. Kwenye hatua ya tatu mtu alikuwa anauliza nani amekula mkate wake uliokuwa juu ya kompresa, majibu tisa, wote wanakana, wa mwisho ameweka tiki. Kwenye hatua ya ishirini Mrefu alikuwa ameandika kwamba ngazi ni fupi, na mtu akamjibu kwamba ngazi ni sawa, yeye ndiye amezidi. Kwenye hatua ya arobaini fundi umeme aliuliza kama waya mwekundu ni ule mwekundu au ule uliowahi kuwa mwekundu. Kiwanda kizima kilikuwa humo, kinanong'ona, kinacheka, kinabishana, na wao wawili wamekaa mbele yake kama watu waliosikia sauti chini ya maji.

"Jamani," alisema Mama Faili polepole. "Kumbe walikuwa wanaongea."

"Nenda kumi na nne."

Ilikuwepo. Tarehe tano, Kimya: gasketi ya vali ya pili imechoka, nianze na ya tatu? Tarehe tano, Mhandisi: ndiyo, anza na ya tatu mpaka ibadilishwe, ikibadilishwa nitawaambia. Tarehe tano, tiki ya Kimya.

Halafu, chini ya tiki, tarehe ishirini, Mhandisi: gasketi mpya imefungwa leo, haipitishi gesi tena kama ile iliyochoka, kuanzia sasa rudini kwenye utaratibu, ya pili kisha ya tatu.

"Ameandika," alisema Mama Faili. "Masikini, ameandika kweli. Ila ameandika kwenye yaliyolala. Yakilala hayampigii mtu kengele, wala hayatokei kwenye tableti." Aliweka kiganja shavuni. "Ni kama kuingia chumba cha watu waliosinzia, ukasema neno lako, ukafunga mlango, ukaondoka unajua umesema."

"Inaonyesha nani amesoma?"

"Inaonyesha." Alibonyeza. "Lile la tarehe ishirini limesomwa na mtu mmoja."

"Nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Lini?"

Mama Faili alisoma, kisha akavaa miwani ya pili, akasoma tena.

"Tarehe ishirini. Halafu Jumatatu hii, saa tano asubuhi. Halafu Jumanne, mara mbili."

Gari la wagonjwa lilikuwa limemchukua Mrefu Jumatatu saa nne na dakika ishirini. Sinzia aliandika saa zote mbili kwenye daftari lake, moja juu ya nyingine, akapiga mstari katikati.

"Chapisha. Nakala tatu, na saa ionekane juu ya kila moja. Weka sahihi yako kwamba umeyafungua mbele yangu."

"Dada, nilivyowafundisha ile tiki..."

"Hilo pia liandike. Kwa sentensi yako mwenyewe, fupi."

Aliandika. Kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Hayatamsaidia. Kanuni ya sita ya kamati. Utaratibu ni kilichoandikwa ndani ya hatua. Maneno ya pembeni ni mazungumzo tu. Mwenyekiti anaijua kanuni hiyo kama jina la mkewe. Labda aliyeyaandika akiri mwenyewe kwamba yalikuwa amri."

*

Saa kumi kasoro dakika kumi, Sinzia alimkuta Mhandisi kwenye ngazi, katikati, hapandi wala hashuki. Alimpa nakala. Mhandisi alisoma haraka, kama mtu anayesoma kitu anachokijua kwa moyo.

"Ulisema kweli," alisema Sinzia. "Hujafuta hata nukta."

"Nilidhani wameona, mama. Naapa. Nilidhani nimewaambia."

"Nakuamini. Nakuamini mpaka Jumatatu saa tano."

Mhandisi alishika chuma cha ngazi. Chuma kilikuwa cha baridi, na vidole vyake vikaacha alama za maji.

"Nikisema ilikuwa amri, cheo kinaondoka."

"Inawezekana."

"Nimefika hapo kwa shida. Unajua nimeanza kwa kufagia maji humu?"

"Yeye ameanza wapi?"

Mhandisi aliangalia chini, kwenye sakafu ya mitambo.

"Nilikuwa nashika fagio, yeye anashika ndoo," alisema. "Kwake ndiko nilikomuona dada yake."

Sinzia alimpita, akaendelea kupanda. Kwenye ngazi ile ilibidi wapishane kwa ubavu, na karatasi zikakwaruzana.

*

Kamati ilikuwa watu watano na meza ndefu. Katikati ya meza, kwenye fremu yake, kilikuwa kimelazwa cheti cha Kimya, uso juu. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa ghala, mzee mwenye sauti ya kuhesabia magunia. Kimya alikaa upande mmoja, shati halijakunjwa. Mhandisi alikaa upande wa pili. Mchana wa nje ulikuwa umeanza kulegea, na mwanga wa dirishani ulikuwa wa rangi ya barafu yenyewe, kijani kidogo, kama wote wamekaa ndani ya bonge moja.

Sinzia alieleza kwa dakika nne. Swali, jibu, tiki, tangazo lililoandikwa chini ya tiki, nani alilisoma na lini. Hakupandisha sauti. Mjumbe mmoja alilazimika kuinama mezani ili asikie, na akabaki ameinama hivyohivyo hata alipomaliza.

Mwenyekiti alizipanga nakala tatu zikalingana pembe.

"Mama, tunashukuru kwa kazi. Lakini kanuni ya sita iko wazi. Hatua inasema ya pili kwanza. Haya ya pembeni ni mazungumzo. Mimi siwezi kupima mtu kwa mazungumzo. Hapa duniani watu wanazungumza mengi." Aliangalia meza nzima. "Isipokuwa kuna mtu anayesema maneno haya yalikuwa amri, na ni yake."

Mwenyekiti alisubiri muda wa kanuni, akanyoosha mkono kuelekea kwenye fremu.

"Ni yangu."

Mhandisi alikuwa amesimama. Kalamu zake tatu zilikuwa zimekaa upande, na kwa mara ya kwanza hakuzinyoosha.

"Rudia, kwa ajili ya kumbukumbu," alisema Mwenyekiti.

"Yalikuwa amri, na niliitoa mimi. Fundi alifanya nilichomwambia. Nilitakiwa kubadilisha hatua yenyewe, nikaona uvivu, nikamjibu pembeni. Gasketi ilipowekwa nikaandika mahali ambapo hakuna mtu anayeingia. Jumatatu, baada ya gari kuondoka, niliingia nikaona kwamba hakuna aliyesoma. Nikajua. Nikanyamaza siku mbili." Aliangalia cheti. "Nilikuwa na nafasi ya kusema jana, mezani nyumbani, dada yake, mke wangu, aliponililia usiku kucha. Sikusema."

Mwandishi wa kamati alikuwa anaandika kwa kasi.

Kimya aliinua mkono.

"Una neno?" aliuliza Mwenyekiti, na alishangaa kidogo mwenyewe.

"Tiki ni yangu."

"Sema vizuri."

"Mimi ndiye niliyeyalaza maneno. Hakuniambia niyalaze. Kama ningeyaacha wazi, tarehe ishirini ningeona." Alivuta pumzi, maana hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zake zote za mwaka huo. "Na vali ya tatu niliifungua mimi kwa mkono huu. Mrefu alikuwa nyuma yangu. Nilitakiwa kugeuka. Hilo liandikwe."

"Limeandikwa," alisema Mwenyekiti.

Waliwatoa nje dakika kumi na tano. Walipowaita tena, Mwenyekiti alisoma bila kuinua macho. Fundi anapewa onyo la maandishi. Mhandisi anaacha kusaini mwongozo kuanzia saa hiyo, na suala lake linapelekwa kwa wenye kiwanda. Mazungumzo yoyote yanayobadilisha namna ya kufanya kazi yaandikwe ndani ya hatua siku hiyohiyo, na mpaka yaandikwe hakuna mtu wa kuyawekea tiki, hata kwa heshima.

Kisha akasukuma fremu juu ya meza. Ilikwenda taratibu, ikitoa sauti ya kioo kwenye mbao, ikasimama mbele ya Kimya.

Sinzia alibaki nyuma kukusanya karatasi. Alipotoka, ushoroba ulikuwa mtupu isipokuwa wao wawili, wameegemea ukuta mmoja, katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Kimya alikuwa na fremu kwapani. Mhandisi alikuwa ameshika simu, skrini inawaka, jina la mkewe juu yake, inatetemeka bila sauti.

"Shemeji," alisema Mhandisi. "Akiniuliza nitamwambia yote. Lakini akikuuliza wewe, utamwambia nini?"

Kimya alihamisha fremu kutoka kwapa moja kwenda jingine.

"Nitamwambia hukuitwa. Ulisimama mwenyewe."

Halafu akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaipokea yeye.